Kwa Miguu hadi Namugongo

Hija ya miguu ya Namugongo, nje kidogo ya Kampala, ilianza kama safari ya wafungwa. Tarehe 25 Mei 1886, katika ikulu yake ya Munyonyo kando ya Ziwa Victoria, Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda, aliwageukia vijana Wakristo waliokuwa watumishi wake. Usiku huo Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Kesho yake hukumu ikatoka. Wakafungwa kamba na kupelekwa kwa miguu Namugongo, mahali pa jadi pa kutekelezea adhabu ya kifo.

Baadhi yao hawakufika. Ponsiano Ngondwe aliuawa Ttakajjunge siku hiyohiyo. Siku iliyofuata Atanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo, na Gonzaga Gonza, ambaye pingu zilikuwa zimemchubua miguu hata asiweze kuendelea, akamaliziwa Lubowa. Waliofika walifungiwa kwa wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na kuchomwa peke yake kwa moto wa polepole. Wenzake wakaviringishwa kwenye matete na kuchomwa pamoja. Kwa jumla, kati ya mwaka 1885 na 1887 waliuawa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Ndiyo maana kutembea si pambo la hija hii. Njia ilikuwa na wafiadini wake kabla mahali penyewe hapajawa na kanisa, na anayeifuata kwa miguu anarudia jambo lililotendeka.

Kutambuliwa rasmi kulichukua muda. Papa Benedikto XV aliwatangaza Wakatoliki hao kuwa wenyeheri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea. Mwaka 1969 Paulo VI alikuja mwenyewe Uganda. Kanisa la sasa, lililozinduliwa mwaka 1975, limejengwa mahali alipochomwa Lwanga. Msanifu wake, Justus Dahinden wa Uswisi, alilipa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, na nguzo zake 22 zinawakumbuka mashahidi 22. Waanglikana nao wana madhabahu yao karibu na hapo, ambako ibada hufanyika tarehe 3 Juni, siku ileile ya maadhimisho ya Wakatoliki.

Tangu hapo umati umezidi kukua, hasa wa watembea kwa miguu. Ziara za Yohane Paulo II mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015 ziliongeza ari, lakini kazi kubwa imefanywa na majimbo na parokia. Kila mwaka jimbo moja la Uganda hukabidhiwa kuongoza maadhimisho, na waamini wake hujiandaa kutembea kwa wingi kuliko kawaida. Kutoka Mbarara ni takriban kilometa 270. Kutoka Gulu ni zaidi ya 300, na wa huko huondoka nyumbani katikati ya Mei. Wakenya huvukia Busia au Malaba, Watanzania Mutukula. Wengi huja kwa mabasi, ila wapo wanaotembea.

Kundi huanza safari alfajiri kulikwepa jua, msalaba ukitangulia, rozari na nyimbo zikipokezana. Gari moja hubeba mizigo na waliozidiwa. Usiku hulala parokiani au katika madarasa ya shule, na wenyeji huwaletea chakula na maji ya kunawa miguu iliyojaa malengelenge. Wengi wanatimiza nadhiri: mtoto aliyepona, ndoa iliyonusurika, kazi iliyopatikana. Hakuna kiingilio wala sharti la elimu, na hilo limewafungulia njia maskini kuliko hija yoyote ya Roma au Nchi Takatifu.

Wakifika, huenda kwenye bwawa lililo chini ya kanisa na kuchota maji kwa chupa na madumu, kisha huyapeleka kwa wagonjwa walioachwa nyumbani. Janga la korona lilikatiza mikusanyiko hiyo mwaka 2020 na 2021. Mwaka 2022 maadhimisho ya umati mzima yalirudi, na makundi ya watembeao yakarudi barabarani.