Jumba la Harewood: mawe na jasho

Jumba la Harewood, karibu na mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, lilianza kujengwa mwaka 1759 kwa ajili ya Edwin Lascelles. John Carr ndiye aliyelichora. Robert Adam akapamba vyumba vya ndani, na Thomas Chippendale akatengeneza samani. Mwaka 1771 mwenyewe alihamia humo.

Mwanahistoria, hata hivyo, hatosheki na kusifu ulinganifu wa mabawa yake mawili. Huuliza: fedha zilitoka wapi? Ukoo wa Lascelles ulitajirika kwa sukari ya Karibi, kwa biashara ya watumwa Waafrika, na kwa kuwakopesha wenye mashamba. Sheria ya mwaka 1833 ilipofuta utumwa, Henry Lascelles, mrithi wa jumba, alilipwa fidia ipatayo pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277 wa Barbados na Jamaika. Watu wenyewe hawakupewa kitu. Katika miaka ya 1840, Charles Barry aliongeza ghorofa juu ya mabawa hayo.

Basi jengo nalo ni hati. Mawe yake ni ya Yorkshire; gharama yake ilivunwa ng'ambo ya bahari, kwa mikono isiyolipwa.