Mto Mbele, Mlima Nyuma: Mkuu wa Majeshi na Mipaka ya Kazi Yake

Lwakhakha, mpaka ni mto. Ukivuka daraja kutoka Kenya uko Uganda, na mji wa ng'ambo nao unaitwa Lwakhakha. Hapa kazi ya mwanajeshi haihitaji maelezo: alinde mto. Lakini Machi 2008 wanajeshi walioletwa pande hizi waliupa mto mgongo, wakautazama Mlima Elgon. Ilikuwa Operesheni Okoa Maisha, dhidi ya SLDF, wanamgambo walioua mamia ya watu katika mzozo wa mashamba ya Chebyuk. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba wanaume walikusanywa na kuteswa katika kambi ya Kapkota. Jeshi likakana.

Mkuu wa Majeshi wakati huo alikuwa Jenerali Jeremiah Kianga. Katiba ya zamani haikumtaka yeye, wala rais aliyemtuma, apitie Bungeni kwanza.

Kwa miaka mingi kiti hicho kilisimama juu ya imani ya rais kuliko juu ya maandishi. Joseph Ndolo, Mwafrika wa kwanza kukikalia, aliondoka 1971 baada ya kuhusishwa na njama ya mapinduzi. Kikabaki kitupu hadi 1978, alipopewa Jackson Mulinge. Miaka saba bila Mkuu wa Majeshi, na serikali ikaendelea kama kawaida!

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 241, ndiyo iliyotenganisha mto na mlima. Aya (a) ni kuilinda nchi. Aya (b) ni kusaidia wakati wa dharura au maafa, kisha Bunge la Taifa lipewe ripoti. Aya (c) ni kurejesha amani penye machafuko ndani ya Kenya, na hapo idhini ya Bunge ni lazima. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 ikaongeza kwamba Mkuu ndiye mshauri mkuu wa rais kuhusu mambo ya kijeshi, na muhula wake ni miaka minne.

Herufi hizo si mchezo. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni, tangazo la Aden Duale, Waziri wa Ulinzi wakati huo, la kuwatoa wanajeshi lilitaja (b), ile nyepesi. Wabunge waliidhinisha kesho yake. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Charles Kahariri, hakuwa amemaliza hata miezi miwili kazini.

Tukirudi mlimani, kesi ya mateso ya 2008 ilifika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Serikali ya Kenya ilidai kesi imechelewa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili tu ya kushtaki. Majaji wa kwanza walilikataa dai hilo. Machi 2012 majaji wa rufani walilikubali, na kesi ikafia hapo, miezi michache kabla ya Sheria ya Majeshi kutiwa saini.