Karani, Mwalimu na Mchuuzi: Jinsi Kiingereza Kilivyoota Mizizi Asia

Tarehe 26 Januari 1965 India ilitimiza miaka 15 tangu iwe jamhuri. Katika jimbo la Madras, ambalo leo linaitwa Tamil Nadu, siku hiyo ya sherehe iligeuka kuwa ya matanga. Bendera nyeusi zilipandishwa juu ya nyumba, wanafunzi wakamwagika barabarani, polisi wakawakabili. Katika wiki zilizofuata watu kadhaa walijichoma moto hadharani, na makumi wengine wakapoteza maisha katika ghasia.

Kilichowachoma roho ni Kihindi. Katiba ya 1950 ilikuwa imeagiza kwamba baada ya miaka 15 lugha hiyo ishike shughuli za serikali kuu, na Kiingereza kipumzishwe. Watu wa kusini, wasemaji wa Kitamili, walipiga hesabu wakaona kwamba vijana wao wangeingia kwenye mitihani ya ajira za serikali wakitumia lugha ambayo wenzao wa kaskazini wameinyonya kwa mama zao. Kwa Kiingereza angalau wote wangekuwa wageni. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alilazimika kuwahakikishia wananchi redioni kwamba hawatalazimishwa, na mwaka 1967 sheria ikarekebishwa ili Kiingereza kiendelee bila kuwekewa kikomo. Kikomo hicho hakijawekwa hadi leo.

Naanza na Madras kwa sababu tumezoea kuisimulia habari hii kana kwamba watu wa Asia walitwishwa Kiingereza wakanyamaza. Kutwishwa walitwishwa. Lakini pia walikigombea, wakakitumia kama silaha wao kwa wao, wakakifinyanga hata kila nchi ikawa na kimombo chake. Na ukitega sikio vizuri unaweza kumtambua mtu aliyekileta na kazi aliyokuja kuifanya.

India kililetwa na ukarani. Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, iliyopewa hati yake siku ya mwisho ya mwaka 1600, ilikuja kununua pilipili na vitambaa, ikaishia kutawala. Kwa muda mrefu ilishughulika na wenyeji kwa Kiajemi, lugha ya dola ya Wamughali, na haikuwa na haja ya kumfundisha mtu yeyote Kiingereza. Walioanza kukitaka ni wenyeji. Mwaka 1817 matajiri wa Kalkuta walichanga fedha wakafungua Chuo cha Kihindu ili watoto wao wasome elimu ya Ulaya. Mwaka 1823 Raja Rammohun Roy, msomi wa Kisanskriti, Kiarabu na Kiajemi, alimwandikia Gavana Mkuu Amherst kulalamika kwamba serikali inajenga chuo kingine cha Kisanskriti wakati vijana wanahitaji hisabati, kemia na elimu ya mwili wa binadamu.

Ndipo akaja Thomas Macaulay. Februari 1835 aliandika waraka ambao wanahistoria wa India hawajamaliza kuujadili. Mwanasiasa huyo, aliyekiri mwenyewe kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu, alidai kuwa rafu moja ya vitabu vya Ulaya inazidi maandiko yote ya Uhindi na Uarabuni. Alitaka kundi dogo la Wahindi wenye fikra za Kiingereza, wasimame katikati ya watawala na mamilioni waliotawaliwa. Mwezi uliofuata Gavana Mkuu Bentinck akaupitisha mpango huo. Mwaka 1844 ikatangazwa kuwa waliosoma Kiingereza watapewa kipaumbele katika kazi za serikali, na mwaka 1857 vikafunguliwa vyuo vikuu vya Kalkuta, Bombay na Madras. Dharau ya Macaulay inastahili kulaaniwa, nami nailaani. Hata hivyo kilichowajaza vijana madarasani ni mshahara wa mwisho wa mwezi, wala si waraka wake.

Ukarani huo umeacha alama katika Kiingereza cha India mpaka sasa. Barua ya ofisini Delhi au Chennai humwomba mpokeaji “do the needful”, yaani afanye yanayopasa, maneno ambayo Uingereza kwenyewe yalikwisha chakaa yakaachwa. Mtu aliyesafiri husemwa kuwa yuko “out of station”, kana kwamba bado ni ofisa wa Kampuni aliyetoka kwenye kituo chake cha kazi. Mgeni huulizwa “good name” yake, kwa adabu iliyotoka moja kwa moja katika lugha za kaskazini. Magazeti huhesabu kwa laki na karori, na laki moja huandikwa 1,00,000, alama ya mkato ikikaa mahali ambapo Mwingereza angedhani mchapaji ameteleza. Na kwa kuwa kuahirisha ni “postpone”, Wahindi waliona kinyume chake kinakosa jina wakatumia “prepone”: kuliwahisha jambo kabla ya tarehe yake. Ni neno la mtu anayepanga ratiba, na limekaa sawasawa. Mwaka 1938 mwandishi Raja Rao alitoa riwaya ya Kanthapura, ambamo bibi mzee wa kijijini anasimulia harakati za uhuru kwa Kiingereza chenye pumzi ya Kikannada, sentensi zikifuatana bila kituo. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba lugha hiyo India ni ya barua za ofisini tu.

Kalamu hiyo ya ukarani ilivuka bahari ikatufikia Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilipojengwa kuanzia 1896, wengi wa makarani na mabwana stesheni walitoka Bara Hindi. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ndiyo iliyotumika katika mahakama za Tanganyika, hadi Tanzania ilipotunga ya kwake mwaka 1967.

Ufilipino ni habari nyingine kabisa. Wahispania walikaa zaidi ya miaka 300 na bado Kihispania kilibaki cha wachache. Marekani ilipovinunua visiwa hivyo kwa mkataba wa Desemba 1898 ilikuta wananchi wamekwisha jitangazia uhuru, ikapigana nao vita vya kikatili, na vita vikiwa havijaisha ikaanza kufungua shule. Agosti 1901 meli ya jeshi iliyoitwa Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wapatao 500, wake kwa waume. Wakatawanywa visiwani hadi vijiji visivyo na barabara, na baadhi yao wakafa kwa maradhi mapema kabisa. Lengo halikuwa kundi dogo la wakalimani kama alivyotaka Macaulay. Shule zilikuwa za umma na Kiingereza kikawa lugha ya darasani tangu siku ya kwanza. Sensa ya 1939 ilikuta zaidi ya robo ya Wafilipino wanasema wanakijua. Ndani ya miaka 40 mwalimu alikuwa amefanya ambalo padri wa Kihispania hakulifanya kwa karne tatu.

Kwa hiyo Kiingereza cha Manila kina matamshi yanayoelekea Marekani, na ndicho kinachowalisha vijana wanaokesha usiku kucha wakipokea simu za wateja walio upande wa pili wa dunia. Sekta hiyo imeajiri zaidi ya watu milioni moja. Lakini maisha waliyoyatia ndani yake ni ya kwao. Choo ni “comfort room”, au CR kwa kifupi. Mpangaji anayekodi kitanda tu ndani ya chumba cha watu wengi ni “bedspacer”, na mji wenye wapangaji wa namna hiyo kwa maelfu ulilihitaji neno hilo kuliko London. Lipo pia neno “salvage”, ambalo kwa Mwingereza ni kuokoa mali isipotee. Tangu enzi za Ferdinand Marcos, aliyetangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, Mfilipino akisema mtu ame-“salvage”-iwa, maana yake amechukuliwa na kuuawa bila kufikishwa mahakamani. Wengi hulihusisha na “salbahe”, neno la Kitagalogi la mtu mwovu, lililotoka kwa Wahispania. Tawala tatu zimekaa ndani ya neno moja.

Singapore kilifinyangwa na mchuuzi. Katika bandari hiyo, aliyoianzisha Mwingereza Raffles mwaka 1819, watu walielewana kwa Kimalei cha sokoni, Kihokkien na vipande vya kila lugha. Simama leo kwenye kibanda cha kahawa uagize “kopi-o kosong”: kahawa ya Kimalei, weusi wa Kihokkien, na utupu wa Kimalei tena, kwa maana ya bila sukari. Muulize mchuuzi kama inawezekana: “Can or not?” Atakujibu “Can lah”, na hiyo “lah” ndogo inatuliza, inasisitiza na kumaliza ubishi kwa pamoja. Hiki si Kiingereza cha kuombea maji. Kina kanuni zake, na mgeni anayekiiga hujulikana papo hapo.

Serikali haikukipenda Kiingereza hicho. Tangu 1987 Kiingereza ni lugha ya kufundishia shule zote, na viongozi waliogopa wawekezaji wasiwaelewe wananchi. Mwaka 1999 Waziri Mkuu Goh Chok Tong alimtaja katika hotuba ya taifa mhusika wa kichekesho cha televisheni, fundi ujenzi Phua Chu Kang, akitaka apelekwe kusoma Kiingereza. Mwaka uliofuata ikazinduliwa kampeni ya kusema Kiingereza kizuri. Wakati huohuo lugha ya shule imeingia sebuleni: sensa ya 2020 ilionyesha kuwa 48.3% ya wakazi hukitumia zaidi nyumbani, kutoka 23% mwaka 2000. Waliolipia ni bibi na babu wasemao Kihokkien au Kiteochew, ambao wajukuu wao hawawaelewi. Hasara hiyo naihesabu kuwa kubwa kuliko vicheko vyote vya Phua Chu Kang.

Ugumu wa habari hii uko hapo, kwamba kila faida ina mtu aliyeachwa nje. Sri Lanka ilipofanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee mwaka 1956, iliwatupa Watamili na kuchochea uhasama uliokuja kuzaa vita. Nao wanafunzi Wasinhala maskini walipofika chuo kikuu walikuta Kiingereza bado kinafungua milango ya kazi, wakakibandika jina “kaduwa”, upanga. India, sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 129 wanaokijua, kama mmoja kati ya kumi. Mwaka 2010 Chandra Bhan Prasad, mwandishi wa Kidalit, jamii iliyowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, na wenzake walianza kujenga katika kijiji cha Banka, Uttar Pradesh, hekalu la mungu wa kike aitwaye Kiingereza: sanamu imeshika kalamu juu, Katiba mkono wa pili, imesimama juu ya kompyuta. Waliobaguliwa katika lugha za jirani zao walitaka na wao Kiingereza kiwe ngazi yao.

Wale tisa kati ya kumi wasiokijua hukutana nacho mahakamani. Ibara ya 348 ya Katiba ya India inataka Mahakama ya Juu iendeshe mashauri kwa Kiingereza, kwa hiyo mkulima anayedai shamba lake anaweza kukaa ndani ya chumba akisikiliza kesi yake mwenyewe bila kuambulia kitu, mpaka wakili amweleze nje. Mwaka 2019 mahakama hiyo ilianza kutoa hukumu zake zikiwa zimetafsiriwa katika lugha za majimbo. Tafsiri hizo ni za kumsaidia msomaji tu. Ukizuka ubishi, nakala ya Kiingereza ndiyo inayohesabiwa.