Ford Mbili na Jogoo Mmoja

Nimepotea kidogo, mtaniwia radhi. Zamu za usiku zimenibana, na joto la huku halimpi mtu nafasi ya kuandika. Leo Ijumaa nimeswali, nimekula, nimelala kidogo, basi nikasema niwaandikie.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Al Thumama, kusini mwa Doha, karibu na ule uwanja wa mpira wenye umbo la kofia. Waarabu wa hapa kofia hiyo huiita gahfiya. Uwanja ulifunguliwa Oktoba 2021, na kila nikiupita naona kofia ya babangu tu, ile ya kuendea msikitini.

Nyumbani tunaishi watano. Mmoja wetu ni kijana wa Kakamega, mlinzi, mtoto mwenye akili lakini aliyekasirika. Juzi tukinywa chai aliniuliza, "Mzee, hivi hawa wanaosema wanatetea mwananchi wa chini, mbona hawaungani tu? Si ni hesabu ya darasa la tatu?" Kisha akasema mwaka 2027 yeye hajisumbui kujiandikisha kupiga kura.

Nilicheka, lakini si kwa furaha. Swali lile lile nililisikia mwaka 1992 barazani kwetu, na liliwagombanisha babangu na ami yangu.

Wakati huo mkoloni wetu mweusi, kama alivyokuwa akisema ami, alikuwa KANU. FORD ilipozaliwa Agosti 1991 ilikuwa na waasisi sita: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na mwenzetu wa Mombasa, Ahmed Salim Bamahriz. Desemba mwaka huo huo kifungu cha 2A kikafutwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Watu walitembea mitaani na vidole viwili juu. Sisi watoto tuliinua vidole viwili hata tukiitwa kula!

Halafu FORD ikapasuka. Wengi husema ni ukabila, na sikatai kwamba ulikuwepo. Lakini ugomvi wenyewe ulianzia kwenye jambo dogo la utaratibu: mgombea wa urais achaguliwe vipi? Kenneth Matiba, aliyerudi kutoka matibabuni London Mei 1992, pamoja na Shikuku walitaka wanachama wote wapige kura. Upande wa Jaramogi ulitaka mkutano wa wajumbe. Kundi moja likakaa Muthithi House, jingine Agip House, na Agosti Muliro, mzee aliyeweza kuwasemesha wote, akafariki uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Zikazaliwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Mwai Kibaki alikuwa tayari na DP yake.

Babangu alikuwa FORD-Kenya, maana IPK ilinyimwa usajili na wafuasi wake wengi Mombasa wakaegemea huko. Ami alikuwa akifanya kazi Nairobi, akarudi na FORD-Asili. Walifikia kutosalimiana. Tarehe 29 Desemba 1992 kila mmoja akapiga kura yake, na jogoo akawika: Moi asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19 na nusu, Jaramogi 17 na nusu. Jumlisha hao watatu: kura milioni 3.4 dhidi ya milioni 1.96 za Moi. Bungeni KANU ikapata viti 100 kati ya 188.

Kijana aliposikia takwimu hizo akapiga meza. "Si ndiyo nasema!"

Nikamwambia subiri. Kwanza, sheria ilikuwa imewekwa mwaka huo huo kwamba mshindi apate asilimia 25 katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Moi aliifikia. Pili, kura hazihami kama magunia. Aliyempa Matiba kura yake hakuwa lazima ampe Jaramogi, na nina ushahidi wa barazani kwetu. Ami aliapa kwamba mgombea akibaki Jaramogi peke yake, yeye atalala nyumbani siku hiyo.

Tena mambo haya hayakuanza 1992. Jaramogi alishayaonja 1966 alipojitoa KANU na kuunda KPU pamoja na Bildad Kaggia. Kile ndicho chama cha kushoto hasa tulichowahi kuwa nacho, kikidai ardhi kwa wasio nayo. Serikali ikabadilisha katiba ili wabunge waliohama warudi kwa wapiga kura. Vikagombewa viti 29, KPU ikapata 9, ingawa ukijumlisha kura zote yenyewe ndiyo iliyopata nyingi! Miaka mitatu baadaye ikapigwa marufuku. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na matatizo mawili: wapinzani kugawanyika, na hesabu ya viti isiyofuata kura. Sisi tumekuwa tukililia lile la kwanza tu.

Mwaka 1997 ikawa yale yale. Moi alishinda kwa asilimia 40, Kibaki 31, na waliobaki wakagawana: Raila, Wamalwa, na Charity Ngilu wa SDP, chama kilichojiita cha demokrasia ya kijamaa.

Mwaka 2002 ndipo walipoungana kweli. Oktoba, Uhuru Park, Raila akatamka "Kibaki tosha", NARC ikazaliwa, na Desemba Kibaki akapata asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru Kenyatta. Niliisikiliza redio nikilia, siwafichi. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na binamu zangu wawili waliokuwa wamekaa nyumbani wakarudi darasani. Kwa hiyo mtu asiniambie miungano haina faida.

Lakini NARC ilifungwa kwa hati ya maelewano ambayo mwananchi hakuiona na ambayo hakuna mahakama iliyoweza kuisimamia. Raila na wenzake wakasema walioahidi hawakutimiza. Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 walikuwa pande mbili, Ndizi na Chungwa, na Chungwa ikashinda kwa asilimia 58. Baada ya uchaguzi wa 2007 tukazika watu zaidi ya 1,100. Sisemi hati ile ndiyo iliyowaua. Nasema waliokuwa wakipigiwa kura pande zote mbili walikuwa wamesimama jukwaa moja miaka mitano kabla.

Katiba ya 2010 ikaleta dawa nusu. Sasa rais lazima apite nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo kuna duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru aliivuka nusu hiyo kwa kura elfu nane na kidogo. Sheria ya vyama ya 2011 nayo ilitaka mikataba ya miungano iwekwe kwa Msajili wa Vyama. Ni hatua, nakubali. Ila nusu-na-moja inamlazimisha kila mtu kuungana bila kumwuliza anaungana kwa ajili ya nini. Anayetaka kodi ya tajiri ipande anapanda gari moja na anayetaka ishuke, na dereva ndiye anayejua njia.

Bungeni hakikubadilika kitu kikubwa. Mwenye kura nyingi jimboni anachukua yote, na vile viti 12 vya kuteuliwa Bunge la Taifa vinagawanywa kwa idadi ya viti vya chama, si kura zake. Nyuzilandi chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko wapinzani wao 1978 na 1981 na bado kikakosa serikali. Wakabadilisha mfumo kwa kura ya maoni 1993, na 1999 Labour ikaunda serikali ya mseto na Alliance bila mmoja kumezwa na mwenzake. Mimi ningeanzia hapo: viti vifuate kura, ndipo vyama vidogo vya wanyonge viungane bila kufa. Na kabla ya kutajwa jina la mgombea yeyote, waandike jinsi atakavyochaguliwa. Muthithi na Agip zilivunjikia hapo.

Kijana hakuridhika. Akanitajia ODM walioingia baraza la mawaziri 2024, wiki chache baada ya vijana wenziwe kupigwa risasi barabarani. "Hiyo nayo ni umoja?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwonyesha tu picha ya Agosti 2022, mwaka wa kwanza Wakenya wa Qatar kupiga kura huku: mimi, karatasi moja ya urais, na kidole chenye wino. Mshindi wa mwaka huo alishinda kwa kura 233,000 hivi.

Akaitazama sana. Kisha akaniuliza kama pasipoti iliyokaribia kuisha inakubaliwa kujiandikisha. Kesho nitamwulizia, maana zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri na bado sijapiga pasi sare.