Bra Gib, mtunzi aliyeijaza Soweto nyimbo na machozi

Wengi wetu tuliiona filamu ya Sarafina! kwenye kanda za video, tukaimba nyimbo zake hata pale maneno yalipotupiga chenga. Mtunzi wake, Mbongeni Ngema, alifundwa kazi na mtu ambaye huku kwetu hatajwi sana, nami naona tumemnyima haki yake: Gibson Kente. Watu wa Soweto walimwita Bra Gib.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Duncan Village, mjini East London, Afrika Kusini. Alikwenda Johannesburg kusomea ustawi wa jamii, lakini muziki ukamvuta. Akaanzisha kikundi cha kuimba nyimbo za injili, akawatungia nyimbo waimbaji kama Letta Mbulu. Mwaka 1959 mchezo wa King Kong ulijaza kumbi kwa wasanii Weusi, ila uongozi ulikuwa kwa Wazungu. Kente aliyaona hayo. Mwaka 1963 akatoa mchezo wake wa kwanza, Manana, the Jazz Prophet, na baada ya mchezo mwingine, Sikalo, akajitegemea kabisa: hadithi yake, nyimbo zake, wachezaji wake, basi lake, na mishahara ya wasanii ikitoka kwenye viingilio vya mlangoni.

Mazoezi yalifanyika kwenye gereji Soweto. Kumbi za vitongoji hazikuwa na vipaza sauti. Watoto walilia, watu waliingia na kutoka, mtazamaji akimjibu mchezaji papo hapo. Kwa hiyo Kente aliwafundisha vijana kutoa sauti kutoka tumboni, kukunjua mikono, kufanya uso usomeke hadi benchi la nyuma kabisa. Mchungaji, polisi, kijana mhuni, mama mwenye kilabu cha pombe: kila mmoja alikuwa na mwendo wake, na watazamaji waliwatambua kabla hawajafungua kinywa. Wahakiki wa mjini waliona ni kupayuka. Mimi naona ni ufundi uliozaliwa na ukumbi wenyewe.

Vijana wa vuguvugu la Fahamu ya Weusi walimlaumu kwamba anawaliza watu bila kumtaja anayewaliza. Akajibu kwa How Long, I Believe na Too Late, michezo ya katikati ya miaka ya 1970. Sheria za pasi, ile karatasi ambayo wazee wa Kenya wangeiita kipande, sasa zilipanda jukwaani bila kufichwa. Serikali ikaanza kuipiga marufuku michezo yake. Mwaka 1976, akiwa anapiga filamu ya How Long, alikamatwa na kutiwa ndani.

Alipotoka aliendelea kuandika. Ndani ya mchezo wake Mama and the Load ndimo walimokutana Ngema na Percy Mtwa, wakaanza kuwaza mchezo wao wenyewe, Woza Albert!, uliozunguka dunia. Brenda Fassie naye alipata nafasi zake za mwanzo jukwaani kwa Kente.

Februari 2003, akiwa na miaka 70, Bra Gib alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Rais Thabo Mbeki alikuwa ametilia shaka chanzo cha ugonjwa huo, na wasanii wenye jina waliothubutu kusema walikuwa wa kuhesabika. Yeye alisema, kisha akarudi mazoezini. Alifariki Soweto tarehe 7 Novemba 2004.