Wahusika wa Vitabu na Sura za Sinema: Mfano wa Njoro, Nakuru na Naivasha

Mwandishi wa kitabu hampi msomaji mtu kamili. Humpa kimo, rangi ya macho, namna ya kucheka, pengine kovu au mwendo wa kuchechemea, kisha humwachia kazi iliyobaki. Msomaji naye huikamilisha kazi hiyo kwa akiba aliyo nayo: nyuso alizoziona sokoni na shuleni, sauti za jamaa zake, nchi aliyokulia. Ndiyo maana wasomaji wawili wa kitabu kimoja huwa na wahusika wawili tofauti wenye jina moja, na aghalabu hawagombani kwa sababu hiyo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuchungulia kichwani mwa mwenzake. Ugomvi huanza kitabu kinapogeuzwa kuwa filamu. Hapo mhusika hupewa uso mmoja tu, na kila msomaji hulazimika kuulinganisha na ule aliokuwa nao.

Jambo hili limejadiliwa sana katika uhakiki wa fasihi za Ulaya na Marekani, lakini katika Bonde la Ufa la Kenya lina upande wa pili ambao haujaangaliwa vya kutosha. Katika ukanda unaotoka Naivasha, ukapita Gilgil na Elmenteita hadi Nakuru na Njoro, wahusika wa vitabu vilivyogeuzwa kuwa filamu hawakuwa watu wa kubuniwa. Walikuwa majirani. Walikuwa na mashamba, farasi, madeni na watumishi, na watu waliowafahamu waliendelea kuishi muda mrefu baada ya vitabu kuandikwa. Kwa hiyo palikuwa na sura tatu zilizoshindana: ya mtu aliyeishi, ya mtu aliyeandikwa, na ya mtu aliyeigizwa.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, na akalelewa katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, huko Njoro. Baba alifuga farasi wa mashindano na kusaga nafaka; binti alikua pamoja na watoto wa Kikalenjin waliokuwa hapo shambani, akajifunza kuwinda nao, na baadaye akawa mfunzi wa farasi, kisha rubani. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaivuka Atlantiki na kuangukia Nova Scotia, Kanada. Tawasifu yake, West with the Night, ilitolewa mwaka 1942, ikasahauliwa, kisha ikachapishwa tena mwaka 1983 na kupata wasomaji wengi kuliko mara ya kwanza.

Katika kitabu hicho yumo kijana anayeitwa Kibii, mwenzake Beryl wa utotoni, ambaye kitabu kinamwita Mnandi. Anapokuwa mtu mzima anabadili jina, na jina hilo jipya limechapishwa kwa Kiingereza kama Arab Ruta. Wamo pia Arab Maina na Arab Kosky, wawindaji waliomfundisha msichana yule kushika mkuki. Hapana shaka kwamba neno lililokusudiwa ni arap, yaani mwana wa, ambalo mwanamume wa Kikalenjin hulipata pamoja na jina la babaye baada ya jando. Herufi moja tu imebadilika, lakini tazama matokeo yake. Msomaji wa London au Chicago, asiyejua lolote kuhusu Njoro, hulisoma neno lile na picha inayomjia ni ya Mwarabu: kanzu, kilemba, pengine na jambia kiunoni. Hata msomaji wa Mombasa anaweza kupotea njia hapo kwa kitambo. Msomaji wa Nakuru, Molo au Kericho hapotei. Yeye huirudisha ile p mahali pake bila hata kufikiri, na mara humwona mtu anayemfahamu, mwenye masikio yaliyotobolewa na lugha yake mwenyewe kinywani. Maneno ya kitabu ni yaleyale. Watu waliozaliwa kutokana nayo si wale wale. Kama kuna mahali ambapo mtu anaweza kuona kwa macho jinsi ujuzi wa msomaji unavyomuumba mhusika, ni hapa.

Sasa yatazamwe yaliyompata Beryl mwenyewe katika sinema. Mwaka 1985 ilitolewa filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kupigwa nchini Kenya, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo 7 za Oscar, ikiwamo ile ya filamu bora. Ndani yake yumo msichana wa kilowezi anayevaa suruali, anayepanda farasi na kupenda kufuatana na wanaume porini. Anaitwa Felicity, na aliigizwa na Suzanna Hamilton. Inakubaliwa kwamba msichana huyo alichongwa kutokana na Beryl Markham. Lakini jina la Beryl halimo. Ikumbukwe kwamba wakati huo Beryl alikuwa hai, akiishi Nairobi. Alifariki Agosti 1986. Mtu aliyeivuka bahari peke yake akawa msichana wa pembeni katika hadithi ya mapenzi ya watu wengine, naye bado yu hai. Mwaka 1988 televisheni ya Marekani ilitoa filamu iliyomhusu yeye mwenyewe, Beryl Markham: A Shadow on the Sun, akiigizwa na Stefanie Powers. Hapo jina lilirudi, lakini sura ikawa nyingine tena.

Denys Finch Hatton, rafiki wa Karen Blixen na wa Beryl pia, alipatwa na jambo la kuchekesha zaidi. Alikuwa Mwingereza wa ukoo wa kikabaila, aliyesoma Eton na Oxford, mrefu, mwenye upara uliomfanya apende kofia. Filamu ilimpa uso wa Robert Redford, nywele zake za dhahabu zikiwa kamili, na lafudhi ya Kimarekani ambayo mwongozaji aliamua isifichwe, kwa hoja kwamba watazamaji wangesumbuka kumsikia Redford akisema kama Mwingereza. Hoja hiyo ina ukweli wake, na ukweli huo unaeleza mengi kuhusu sinema kwa jumla. Mtazamaji hakuja kumwona Finch Hatton. Alikuja kumwona Redford. (Hata simba wa filamu ile waliletwa kutoka California.)

Wako wasomaji waliolalamika kwamba filamu ilikisaliti kitabu. Malalamiko hayo yafaa yapimwe. Kitabu cha Karen Blixen kilichotolewa mwaka 1937 kinakaribia kumnyamazia kabisa mume wake, Bror, na hakisemi waziwazi kwamba Denys alikuwa mpenzi wake. Sehemu yake ya kwanza inamhusu Kamante, mtoto wa Kikikuyu mwenye vidonda miguuni aliyekuja kuwa mpishi hodari. Hadithi ya mapenzi iliyojaza sinema haikutoka humo. Ilitoka katika wasifu mbili zilizoandikwa baadaye, wa Denys ulioandikwa na Errol Trzebinski mwaka 1977 na wa Karen ulioandikwa na Judith Thurman mwaka 1982. Kwa hiyo filamu ilisema yale ambayo kitabu kilificha, na ikapunguza yale ambayo kitabu kilitilia mkazo. Walioona mapenzi wakapata zaidi ya walivyosoma. Waliomtafuta Kamante wakapata pungufu. Kamante mwenyewe alikuwa amekwisha kusema yake: kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1975 kwa jina la Longing for Darkness, kwa hiyo waliotengeneza filamu miaka 10 baadaye hawakukosa mahali pa kumsikia.

Jambo la Farah ni zito zaidi kuliko upara wa Denys. Farah Aden, msimamizi wa nyumba ya Blixen, alikuwa Msomali, na kitabu kinarudia kutukumbusha Usomali wake: dini yake, fahari yake, namna alivyovaa na kusimama. Katika filamu aliigizwa na Malick Bowens, mwigizaji mwenye asili ya Mali. Aliigiza kwa heshima na kwa ustadi, wala haifai kumlaumu. Lakini katika filamu hiyohiyo alikuwamo Iman, mzaliwa wa Mogadishu, aliyepewa sehemu ndogo ya mwanamke wa Kisomali asiyesema mengi. Yaani Msomali wa kweli alikuwapo, akawekwa pembeni, na Msomali mkuu wa hadithi akatafutwa Afrika Magharibi. Kwa mtazamaji wa Ulaya tofauti hiyo haikuonekana. Katika miji ya Bonde la Ufa, ambako Wasomali wamefanya biashara ya mifugo na maduka tangu enzi za walowezi, ilionekana mara moja. Hapa tena ndipo wasomaji wawili wanapoachana: mmoja alimwumba Farah kwa kumwona jirani, mwingine kwa kuona neno tu.

Kuna na suala la sikio. Msomaji wa Kiswahili anapokutana katika vitabu hivi na mtumishi anayesema Kiingereza kilichonyooshwa, humrudishia lugha yake bila kukusudia. Humsikia akisema Kiswahili, pengine kile Kisetla cha jikoni na mashambani ambacho mabibi wa Njoro walikitumia kutoa amri. Sinema haimpi nafasi hiyo, maana sauti imekwisha kuchaguliwa.

Njoro hiyohiyo ilimtoa mhusika mwingine. Elspeth Huxley aliandika The Flame Trees of Thika mwaka 1959, akiwapa wazazi wake majina ya Robin na Tilly. Mama yake, Nellie Grant, baadaye alihamia Njoro, akalima huko kwa miaka mingi mpaka katika miaka ya 1960 alipoondoka kwenda Ureno. Mwaka 1980 binti alizichapisha barua za mama, zenye hesabu za mazao yaliyoshindwa na mzaha mkali wa mwanamke aliyechoka. Mwaka mmoja tu baadaye, 1981, televisheni ya Uingereza ikamwonyesha Tilly kwa uso wa Hayley Mills, kijana na mchangamfu. Aliyezisoma barua kwanza hakuweza kumwona Nellie pale. Walakini wengi waliona televisheni kwanza.

Kuhusu Joy Adamson wa Naivasha inatosha kusema kwamba Born Free, filamu ya mwaka 1966, ilimpa uso na matamshi ya Kiingereza safi ya Virginia McKenna, ilhali mwenyewe alizaliwa katika dola ya Austria na hakuiacha lafudhi yake maisha yake yote. White Mischief ya mwaka 1987, kutokana na kitabu cha James Fox cha mwaka 1982, ilimfanya Greta Scacchi kuwa Diana, mrembo aliyehusishwa na kisa cha kuuawa kwa Lord Erroll mwaka 1941. Watu wa Soysambu na Elmenteita walimjua Diana yuleyule kama Lady Delamere, bibi mzee mwenye mashamba, ng'ombe na farasi wa mashindano. Alifariki mwaka uleule wa filamu, na watazamaji walibaki na msichana.

Yote haya yalitokea katika vitabu vilivyoandikwa na wageni na kupigwa picha kwa ajili ya wageni. Ulinganisho mwafaka unapatikana Zanzibar. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta n'kuvute, iliyotolewa mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Yasmin aliigizwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, nao wanazungumza Kiswahili, kama katika riwaya. Wasomaji waliokaa na Yasmin wao kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa na haki ya kusema kwamba sura yake si ile waliyoiwazia, au kwamba matukio fulani yamekatwa. Lakini hakuna aliyelazimika kuvuka lugha nyingine ili kumfikia, wala kusahihisha tahajia ya jina lake kabla ya kumwona.