Somo la Historia: Dhahabu Iliyochanganyika na Alama ya Simba

  Ninyi mlio katika vikundi, ketini karibu na redio, na mmoja wenu ashike kalamu, kwa maana mwishoni mna maswali.

Leo tuanzie dukani kwa sonara. Mtu akipeleka pete ya dhahabu kuuza, sonara haipokei kwa kuitazama tu. Huisugua juu ya kijiwe cheusi, akaangalia rangi ya mstari uliobaki, kisha akaitia katika mizani. Kwa nini? Kwa sababu pete nyingi si dhahabu tupu. Zimetiwa fedha au shaba zipate kuwa ngumu, na jicho peke yake haliwezi kujua kiasi kilichotiwa. Mashaka hayo ya sonara ni ya kale sana, nayo ndiyo habari yetu ya leo.

Mchanganyiko wa kwanza wa dhahabu na fedha haukufanywa na mtu. Ulikuwamo tayari ardhini. Dhahabu inayookotwa mitoni mara nyingi ina fedha ndani yake. Fedha ikiwa nyingi, rangi hufifia. Wayunani waliuita mchanganyiko huo elektron, jina lile lile walilowaita nalo kaharabu, kwa kuwa rangi zake hufanana. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba fedha ikifika sehemu moja katika tano, basi hiyo ndiyo elektron. Wamisri nao waliithamini mno. Malkia Hatshepsut, aliyetawala katika karne ya 15 kabla ya Kristo, aliipamba kwayo minara ya mawe aliyoisimamisha katika hekalu la Karnak.

Sasa twendeni Lydia, nchi iliyokuwa magharibi ya Uturuki ya leo. Mji wake mkuu uliitwa Sardis, na karibu nao ulipita mto Pactolus, ulioleta dhahabu ya namna hiyo. Zamani wafanya biashara walilipana kwa vipande vya madini, na kila mara ilibidi wapime upya. Lakini kabla kidogo ya mwaka 600 kabla ya Kristo, wafalme wa Lydia walianza kutengeneza vipande vya uzito uliowekwa, wakavipiga alama ya kichwa cha simba. Kimoja kilicho maarufu kina uzito wa gramu 4.7 hivi. Hizo ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani. Wachimbaji wa jumba la makumbusho la Uingereza walizikuta katika hekalu la Artemis mjini Efeso, mwaka 1904 na 1905.

Hapa sikilizeni vizuri. Dhahabu ya mtoni huwa na fedha kiasi chake, mara nyingi na mara chache. Lakini wataalamu walipozipima sarafu za simba, walikuta dhahabu ni kama sehemu 55 tu katika 100, na kiasi hicho karibu hakibadiliki. Maana yake, fedha iliongezwa kwa makusudi, na shaba kidogo ikatiwa ili rangi isififie mno. Je, mfalme aliwapunja watu? Wako wasemao alitafuta faida. Wengine husema alitaka sarafu zote ziwe sawa, kwa sababu dhahabu ya mtoni haikuwa na kipimo kimoja. Huenda yote mawili ni kweli. Lakini mpokeaji hakuweza kuona kilichomo ndani. Aliamini alama ya simba, basi.

Mfalme Croesus, aliyetawala toka mwaka 560 hivi mpaka 546 hivi kabla ya Kristo, aliyaondoa mashaka hayo. Yeye alitoa sarafu za dhahabu mbali na za fedha mbali. Lakini alizitenganishaje? Mwaka 1968 wachimbaji waliikuta karakana yenyewe huko Sardis. Dhahabu ilifuliwa ikawa mabati membamba, ikapangwa chunguni pamoja na chumvi, kisha ikatiwa tanurini kwa saa nyingi. Moto uliwa mkali, lakini haukuachwa ufike kiasi cha kuiyeyusha dhahabu. Mvuke wa chumvi uliila fedha, nayo ikanywewa na kuta za chungu. Dhahabu ikabaki safi. Baadaye fedha ilirudishwa kwa kuyeyusha vigae hivyo pamoja na risasi. Chumvi ya jikoni, wasikilizaji, ndiyo iliyofanya kazi hiyo!

Koreshi wa Uajemi aliiteka Sardis kama mwaka 546, wala hakuiacha kazi hiyo. Sarafu ziliendelea kupigwa. Falme hupita, ila kilichojaribiwa kikaaminika hudumu.

Leo noti zetu hazina dhahabu wala fedha ndani yake. Zina ahadi tu, kama ile alama ya simba. Basi ni juu ya anayetoa fedha kuitunza ahadi, na juu ya anayepokea kujua kuuliza.

Maswali ya vikundi ni haya: Kwa nini sonara husugua dhahabu juu ya jiwe? Wafalme wa Lydia waliongeza fedha kwa sababu gani? Na ninyi, mnaamini nini mnapopokea noti?

Kwaherini mpaka juma lijalo.